Muulize Mwalimu: "Binti yangu karudishwa kwenye hesabu za nusu na robo"

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni za hesabu, sijui ni msimu wa kujiandikisha vyuo au ni nini, lakini nimefurahi mana hili ndo somo langu, nimelifundisha miaka mingi hapa Malindi, mchana kwa watoto na jioni kwa watu wazima. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu nimeisoma mara tatu na kila mara imenigusa.

*Mwalimu asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Langoni, Amu. Binti yangu wa pili ana miaka 26, kaolewa, yuko na mumewe Marekani jimbo la Ohio huu mwaka wa pili, makaratasi yake yote anayo na ile grin kadi. Huku alimaliza fomu foo akapata C, hesabu ndo ilimvuta chini alipata D. Anataka unesi tangu mdogo. Sasa kajiandikisha kwenye hizi komyuniti koleji zao, wakamkalisha mbele ya kompyuta wakampa mtihani, majibu yakatoka ati aanze na darasa linaitwa pri-aljebra. Alinipigia saa tisa za usiku analia, kwao ilikuwa jioni, kafungua kitabu mwanzo ni kujumlisha na kutoa, mbele kidogo nusu na robo, akaniambia mama hizi si tulisoma darasa la nne, nimekuja huku kurudishwa praimari? Mumewe anaona bora aingie kazi ya weahausi apate dola, mana hilo darasa linalipiwa na halihesabiki kwenye digrii. Na mimi nshawaambia watu binti yangu kaingia koleji, juzi kwenye harusi mtu kaniuliza anasoma nini nikakosa la kusema nikajitia kushughulika na sahani. Nimwambie nini mwanangu? Na hiyo pri-aljebra ni kitu gani hasa? Ni kweli wamemdharau?*
Mama wa Langoni, Lamu

Waaleikum salaam dada yangu. Hawajamdharau. Nianze na hilo kabla ya lolote, mana naona ndilo linalokunyima usingizi. Na harusini ukiulizwa tena sema "anasoma hesabu za unesi", hujadanganya hata chembe na nitakuonyesha kwa nini.

Hizi komyuniti koleji za Marekani ni vyuo vya miaka miwili, viko zaidi ya elfu moja nchi nzima, na kile kikongwe cha umma ambacho bado kipo kilianza mwaka 1901 mji wa Joliet jimbo la Illinois. Kazi yao ni kufungua mlango. Si kama chuo kikuu kinachochagua mwenye alama za juu na wengine wabaki nje, hapa karibu kila aliyemaliza sekondari anaingia, awe kijana wa miaka 18 au bibi wa miaka 60, anasoma miaka miwili anapata cheti, akitaka anahamia chuo kikuu amalizie miwili iliyobaki. Sasa ukishamfungulia kila mtu lazima ujue huyu aliyeingia asimame wapi, ndo wakaweka ule mtihani wa kompyuta. Jina lake hutofautiana chuo na chuo, vingi vilitumia ACCUPLACER, vingine ALEKS. Huo mtihani hauna kufaulu wala kufeli, ni wa kukupangia tu.

Na una tabia yake ambayo binti yako pengine hakuambiwa. Ule wa ACCUPLACER unabadilika kadiri unavyojibu, ukipata swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa linakuwa rahisi, na mingine ya aina hii inaenda mwendo kama huohuo, kwa hiyo mtu aliyekaa miaka minane bila kushika kalamu ya hesabu akakosea machache mapema, mashine inamteremsha chini chini mpaka inamkuta kwenye nusu na robo. Haijampima akili. Imepima kutu. Mwambie aulize kama anaweza kuurudia, vyuo vingi vinaruhusu, ajiandae wiki mbili tatu kwa mazoezi ya bure, yapo tele kwenye intaneti, Khan Academy peke yake inatosha, kisha akae tena. Watu wengi wanapanda daraja moja kwa njia hiyo tu.

Lakini nataka nikwambie kitu ambacho pengine mkwe wako hatakipenda. Hata akibaki kwenye hiyo pri-aljebra, asiione kama adhabu, mana mimi naiona ndo darasa lenye maana kuliko yote ya hesabu.

Aljebra ni neno la Kiarabu, al-jabr, na jabr maana yake ni kuunga kilichovunjika, ndo hilohilo Waarabu wanalitumia kwa anayeunga mifupa. Mwanachuoni al-Khwarizmi aliyekuwa Baghdad karne ya 9 ndiye aliyeipa elimu hii jina, na sehemu kubwa ya alichoandika ilikuwa ni hesabu za mirathi na wasia. Nyinyi watu wa Amu mnayo hii hesabu majumbani mwenu. Tuseme mtu kafariki, wazazi wake walishatangulia, kaacha mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, na baada ya kulipa madeni na wasia imebaki shilingi 960,000. Mke mwenye watoto fungu lake ni thumuni, yaani moja ya nane, anachukua 120,000. Inabaki 840,000. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike fungu moja moja. Fungu moja ni ngapi? Hatujui. Basi liite x. Mvulana x mbili, wasichana x na x, jumla x nne ni sawa na 840,000, kwa hiyo x ni 210,000, mvulana 420,000. Ushafanya aljebra dada yangu, na pri-aljebra ndo kila kitu ulichotakiwa kukijua kabla hujafika kwenye ile x, kuijua thumuni ni nini, kutoa bila kukosea, kugawa, kujua kwamba mafungu yote yakijumlishwa lazima yarudi 960,000 la sivyo kuna mtu kadhulumiwa.

Ndani ya darasa lenyewe atakuta namba hasi, sehemu (zile watoto wanaziita frakisheni), desimali, asilimia, uwiano, utaratibu wa kipi kifanywe kwanza, eneo na mzingo, na mwisho mwisho milinganyo midogo ya x. Semesta moja, wiki kama 15 au 16. Ndo hayo tu.

Sasa unesi. Daktari kaandika mgonjwa apewe miligramu 375 za dawa. Nesi anashika chupa, imeandikwa miligramu 250 ndani ya mililita 5. Avute kiasi gani? Miligramu 250 kwa mililita 5 ni sawa na miligramu 50 kwa kila mililita moja, 375 ukigawa kwa 50 ni 7.5. Mililita saba na nusu. Aliyepeleka nukta pasipo mahali pake akavuta 75 au 0.75 kamuua mtu au kamuacha na ugonjwa wake. Hiyo ni pri-aljebra tupu, hakuna hata herufi moja ya juu zaidi ya hapo, na ataifanya kila siku ya Mungu kwa miaka 30 ya kazi. Ndo mana nimekwambia anasoma hesabu za unesi.

Halafu anasema "hizi tulisoma darasa la nne". Ni kweli walisoma. Swali ni kama ziliingia. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la nne hapo Lamu nilishikwa na surua nikalala nyumbani wiki tatu, niliporudi darasa lilikuwa lishavuka sehemu, mwalimu akaniweka nyuma na siku niliyouliza akaniambia mbele ya wenzangu hesabu si ya wasichana nikae nisikilize. Nilikaa. Nikanakili miaka minne mbele bila kuelewa kwa nini namba ya chini lazima ifanane ndo ujumlishe, nikakariri tu. Kila hesabu ngumu iliyonishinda baadaye, ukiifukua chini kabisa unaikuta ile wiki tatu ya surua. Nilikuja kuziba hilo shimo nikiwa chuo cha ualimu, usiku, peke yangu, na tangu siku hiyo hesabu ikawa yangu. Kwa hiyo mtu akiniambia nina D ya hesabu mimi simuulizi una akili au huna, namuuliza ulikosa kwenda shule lini.

Na nina mama mmoja nilimfundisha jioni, darasa la ngumbaru, muuza mchele na kunde pale sokoni. Nusu ongeza robo, aliandika mbili ya sita, kajumlisha juu na juu, chini na chini, kosa ambalo kila mtu duniani analifanya. Nikamueleza ubaoni, akatikisa kichwa ndiyo ndiyo, nikajua haijaingia. Kesho yake nikamwambia aje na vyombo vyake vya kupimia. Tukatandika mkeka, pishi moja ni vibaba vinne, hilo alikuwa analijua kuliko mimi. Nikamwambia nipimie nusu pishi. Akamimina vibaba viwili, ile ya kuparuza juu kwa kiganja punje zikaangukia mkekani. Ongeza robo pishi. Akamimina kibaba kimoja. Sasa ni ngapi? Vibaba vitatu kati ya vinne, robo tatu. Nikamwambia na ile mbili ya sita yako ya jana? Mbili ya sita ni moja ya tatu, na moja ya tatu ya pishi haifiki hata nusu. Alikaa kimya, kibaba bado kiko mkononi, kisha akaniangalia akasema, "Yaani mimi nimeongeza mchele, mchele ukapungua?" Hakukosea tena hesabu ya sehemu mpaka alipomaliza kozi. Alikuwa na miaka 47.

Muulize binti yako hiyohiyo kwenye simu, nusu ongeza robo, halafu theluthi ongeza robo. Akijibu saba ya kumi na mbili bila kusita, basi kweli kazi yake ni kurudia mtihani apande. Akikwama, basi tumelipata lilipochanika, na wewe unayejua kushona unajua nguo haishonwi juu ya mpasuko. Wazee wenu wa Amu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Arudi ngamani mara moja, atengeneze, asije akarudi mara ya pili.

Kwa upande wa pesa mkwe wako hajakosea. Masomo haya ya msingi yanalipiwa na kwa kawaida hayahesabiki kwenye digrii, na watu wengi walipangiwa madarasa mawili matatu ya aina hii mfululizo wakachoka wakaacha chuo kabla hawajagusa walichokuja kukisoma. Hilo lilikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba California walitunga sheria mwaka 2017 kuvibana vyuo vyao visiwarundike watu kwenye madarasa ya chini, na majimbo mengine nayo yakabadilisha. Vyuo vingi sasa vina njia ya kukuingiza moja kwa moja kwenye hesabu ya chuo huku ukipewa saa za ziada za kusaidiwa sambamba. Aende kwa mshauri wa masomo aulize kwa maneno haya: nataka unesi, programu yenu ya unesi inadai hesabu gani hasa, na kuna njia fupi ya kuifikia? Mara nyingi watakuta ni takwimu au aljebra moja tu, si msururu. Na kwa vile ana grin kadi anaweza kuomba msaada wa serikali ya shirikisho kwa ile fomu yao ya FAFSA, msaada huo unalipia hata masomo ya msingi mpaka kikomo cha saa 30 za semesta (ndo kipimo chao cha masomo, si saa za ukutani), kwa hiyo aitumie lakini asiichezee. Kwenye vyuo vingi kama hicho kuna chumba cha kusaidiwa hesabu bure, na mwalimu ana saa maalumu za kukaa ofisini kusubiri wanafunzi, na wanafunzi hawaendi. Aende. Aende hata kama hana swali, aende na hesabu aliyokosa.

Kuna na vijitofauti vya huku na kule vitakavyomchanganya, namwambia mapema. Ule utaratibu wa kipi kifanywe kwanza sisi tulifundishwa kwa jina la BODMAS wao wanasema PEMDAS, akiona wameweka kuzidisha kabla ya kugawanya asidhani Wamarekani wana hesabu yao. Kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja, unakwenda kushoto kulia unachokutana nacho kwanza. 24 gawa kwa 6 zidisha kwa 2 ni 8, asiyejua atazidisha kwanza apate 2. Hivyohivyo kujumlisha na kutoa, 10 toa 4 ongeza 3 ni 9, na huku kwetu nimeona watu wazima wanaopata 3 kwa sababu kwenye BODMAS herufi ya kujumlisha iko mbele. Tulichoita gredienti, yaani mwinuko wa mstari, wao wanaita slopu, tulipoandika y = mx + c wao wanaandika b badala ya c, umbali ni maili, uzani ni paundi, joto ni Farenhaiti. Vitu vidogo lakini mtihanini vinakula dakika.

Wewe mama usimuulize tu "unaendeleaje", atakwambia vizuri hata kama anazama. Mwambie "nifundishe ulichosoma leo". Kama anaweza kukueleza wewe kwa Kiswahili, kaielewa. Na ile hesabu ya mirathi mpe aifanye, lakini ongeza mama mzazi wa marehemu yuko hai, fungu lake sudusi, moja ya sita, uone atakavyotafuta namba ya chini ya kuunganisha nane na sita. Ni 24. Usimwambie.

*Mwl mambo, mm ni dereva wa tuktuk hapa Malindi town nna miaka 31, kcse nlipata D- hesabu E. Nataka kusomea umeme, koleji wamenambia nianze na kozi ya hesabu ya kujiandaa miezi mitatu. Nmeingia darasa wote ni vijana wa 18, 19 wananiita ankol, nafika jioni nmechoka nasinzia, mwalimu anaenda spidi. Kweli ntaweza au napoteza pesa ya watoto?*
Dereva, Malindi

Utaweza kaka, na nitakwambia kwa nini nina hakika. Tuseme trip moja ni shilingi 100, mafuta ya siku 700, ya mwenye tuktuk 800, na unataka ufike nyumbani na 1,000 mfukoni. Trip ngapi? Wewe hilo ushalijua kabla hujawasha injini asubuhi, ni 25. Mwalimu wako jioni anaandika 100x toa 1,500 ni sawa na 1,000, wewe unaona kitu kigeni unaogopa, wakati ni hesabu yako ya kila siku kavalishwa nguo nyingine. Unaongeza 1,500 pande zote mbili, 2,500, unagawa kwa mia. Kila ukiona x ubaoni jiulize hii ni trip, ni lita au ni abiria, uipe kazi, itakutii.

Lakini kusinzia ni kitu cha kweli, sikudanganyi. Darasa la jioni baada ya kutwa nzima juani haliwezi kuwa ndo mahali pako pa kujifunzia, liwe mahali pa kusikia tu. Kujifunza weka alfajiri, ukishaswali kabla hujatoka, nusu saa, kila siku, hata Jumapili, hesabu tano tu kwa mkono wako kwenye karatasi. Si kwa macho. Watu wanaangalia mfano kwenye kitabu wanasema nimeelewa, funga kitabu uifanye ndo utajua. Na nunua daftari jingine dogo la makosa, kila uliyokosa unaiandika upya hapo na mstari mmoja wa kwa nini ulikosa, "nilisahau ishara ya kutoa", "nilijumlisha chini". Baada ya wiki tatu utashangaa makosa yako yote ni manne au matano yanayojirudia. Hayo ndo ya kufa nayo. Kwenye foleni ya stendi unasubiri abiria soma hilo daftari, si simu.

Kaa mbele. Huyo anayekuita ankol kesho atakuomba umuazime rula.

Na kabla hujaongeza shilingi nyingine nenda ofisini waulize, na wakuandikie, hiyo kozi ya miezi mitatu inakufungulia ngazi gani. Utaratibu wa kawaida wa vyuo vyetu vya ufundi ni diploma C-, cheti cha ufundi D, chini ya hapo unaanza ngazi ya artisan halafu unapanda. Kwa D- yako artisan ya umeme unaingia, ukimaliza unaenda cheti, kisha diploma, hakuna aliyekufungia. Sasa kama wao wanakuuzia kozi ya hesabu kama sharti la kitu ambacho ungekipata bila hiyo, ujue. Mimi bado ningeisoma, mana umeme bila hesabu utakuunguza, volti na ampea na ohmu ni kuzidisha na kugawa tu lakini ukikosea si alama unayopoteza. Ila uisome ukijua unalipia nini.

*Mwalimu naomba unisaidie hii kitu inanisumbua tangu form 1, hasi mara hasi inakuaje chanya? Nmeuliza walimu watatu wote wanasema ni sheria kariri. Niko mwaka wa kwanza chuo cha ufundi, Lamu.*
Binti, Lamu

Swali zuri kuliko yote mwezi huu, na pole kwa hao watatu. Usikariri.

Chukua kalamu andika moja chini ya nyingine. 3 mara hasi 2 ni hasi 6. 2 mara hasi 2 ni hasi 4. 1 mara hasi 2 ni hasi 2. Sufuri mara hasi 2 ni sufuri. Sasa angalia majibu yanavyotembea, hasi 6, hasi 4, hasi 2, sufuri, kila hatua yanapanda kwa mbili. Namba ya kushoto inashuka moja moja, baada ya sufuri inafuata hasi 1. Jibu litakalofuata likipanda kwa mbili tena ni ngapi? Ni 2, chanya. Hasi 1 mara hasi 2 ni 2. Hakuna aliyeitunga, ungeandika kitu kingine pale ule mwendo ungekatika.

Na kama unataka uione kwa macho, nenda dukani. Una madeni matatu kwenye daftari la mwenye duka, kila moja shilingi 200. Tatu mara hasi 200, uko hasi 600. Sikukuu imeingia, mwenye duka kakukunjulia moyo, kayafuta yote matatu. Kuondoa madeni matatu, hasi 3 mara hasi 200. Umekuwa vipi? Umepanda kwa 600 na hujashika hata noti moja. Kuondolewa kibaya ni kupewa kizuri.

Namba hasi zenyewe mbona unazo kwenye simu. Umefuliza 500, yaani umekopa kwa M-Pesa salio likiwa limeisha, kesho mtu akakutumia 1,200, Fuliza inajikata kwanza, tuache ada, unabaki na 700. Hasi 500 ongeza 1,200. Ukiingia mtihanini ukakutana na hasi yoyote ifikirie hivyo, pesa yako au deni lako, linaongezeka au linaondolewa, na uandike kila hatua kwenye mstari wake, mana wengi hawakosei hasi mara hasi, wanaikosea ile ishara waliyoisahau mstari wa juu.

*Mwalimu, kalkuleta inaruhusiwa kwa mtu anayeanza?*
Msomaji, Watamu

Kwa miezi miwili ya mwanzo iweke kabatini. Halafu itoe, lakini kabla ya kubonyeza andika pembeni unadhani jibu litakuwa karibu na ngapi. Ikikuletea 75 na wewe uliandika 8, usiandike 75.